Uzi: Usiku wa Nyalenda nilipoombwa niuache mvumo

Fundi wa Kibuye (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Naandika haya wiki moja baada ya tamasha dogo lililofanyika nyuma ya karakana ya seremala kando ya Ring Road, Nyalenda, hapa Kisumu. Nimejaribu kumsimulia kila anayepita kibandani kwangu, lakini wateja huja na haraka zao, na jambo hili halielezeki kwa haraka.

Kwa wasionifahamu, mimi hutengeneza redio na amplifaya katika soko la Kibuye, na mwishoni mwa juma hukodisha mitambo ya sauti kwa harusi, matanga, mikutano ya injili na bendi za ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo. Kwa miaka 22 nimelipwa kufanya kazi moja kabla ya nyingine zote, nayo ni kuondoa mvumo. Amplifaya ikiletwa inavuma, natafuta kapasita iliyokauka. Mchungaji akilalamika kwamba spika zinanguruma wakati wa maombi, nafuata nyaya moja baada ya nyingine hadi nipate mahali ambapo mitambo miwili imechukua stima kutoka soketi mbili tofauti, kila mmoja na njia yake ya kwenda ardhini, na katikati yake pakazaliwa duara ambalo stima hupitia na kuimba.

Basi walipokuja vijana watatu kukodisha mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya njia 12 na spika mbili kubwa, msichana aliyekuwa msemaji wao akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mteja. Aliniuliza kama ninaweza kufunga mitambo hiyo kwa namna ambayo mvumo utasikika. Nilidhani sikumwelewa. Akarudia kwa upole, akasema kwamba kutakuwa na mpiga orutu, ile fidla ya Waluo, mzee kutoka Seme, na kwamba mzee huyo angependa kuufuata mvumo huo na kupiga juu yake.

Nilikwenda nyumbani nikiwa na mashaka, lakini usiku sikupata usingizi, nikaanza kufikiri. Stima ya nchi hii huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mvumo wake kwa hiyo si kelele ya ovyo. Ni sauti yenye kimo kamili, mizunguko 50, na juu yake 100, na juu yake 200. Ukiilinganisha na kinanda, inakaa karibu na ile sol ya chini inayoandikwa G, ila imeizidi kwa kiasi kama theluthi moja ya nusu toni. Kwa maneno mengine, kila nyumba yenye stima kuanzia Kondele hadi Milimani inaimba sauti ileile kwa wakati uleule, na kazi yangu yote imekuwa kuinyamazisha.

Fundi wa Kibuye

Naendelea, maana simu ilikuwa imebaki na chaji kidogo.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mdogo. Seremala alikuwa ametoa meza za kazi, harufu ya vanishi ikabaki. Tulikuwa watu kama 40 hivi, wengi wamekaa kwenye mikeka, kiingilio shilingi 300, na chai ilikuwa ikipikwa pembeni kwa birika la stima. Hapakuwa na pombe. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu mahali pengi ninapofunga mitambo, mwenye baa huwa amesimama nyuma yangu akihesabu kreti, na bendi isiyowafanya watu wanunue chupa nyingine haialikwi tena.

Wa kwanza kuingia alikuwa kijana mwenye karatasi moja ya mabati iliyoning'inizwa kwa kamba. Nyuma yake alikuwa amebandika kile kisahani chembamba cha shaba kinachopatikana ndani ya saa za kengele, ambacho kikiguswa na mtikisiko hutoa umeme kidogo sana, na umeme huo akauingiza kwenye mikisa yangu. Kisha akaanza kumwaga mchanga juu ya mabati, chembe kwa chembe, halafu gao kwa gao. Kila aliyekulia chini ya paa la mabati huku kwetu aliitambua sauti hiyo kabla ya dakika moja kwisha. Ilikuwa mvua ya masika inayotokea ziwani, ile inayoanza na matone matatu yaliyoachana na kuishia pale ambapo mwalimu huacha kufundisha kwa sababu hasikiki. Mama mmoja karibu nami alivuta shuka lake mabegani. Hapakuwa na baridi.

Wa pili alipiga mashine ya ngoma kwa kasi kubwa huku akipiga mayowe. Nitasema ukweli kwamba sikuingia ndani ya muziki wake, ingawa vijana waliokuwa mbele waliupokea kwa miili yao yote. Kuna kundi la Nairobi liitwalo Duma ambalo mwaka 2020 lilitoa albamu ya mwenendo huo kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na naambiwa ndilo lililowafungulia wengi mlango. Huenda masikio yangu yatafika huko baadaye.

Kisha akaingia mzee wa Seme na orutu yake, na msichana wa mikisa akapandisha mvumo.

Mnajua orutu ina uzi mmoja tu. Mzee alikaa kimya akiusikiliza mvumo kwa muda ambao kwenye harusi ungewafanya watu wapige kelele, akakaza uzi kidogo, akasikiliza tena, akakaza tena, na ghafla ile theluthi ya nusu toni ikatoweka na orutu na stima vikawa sauti moja. Sijui niielezeje hali hiyo isipokuwa kwa kusema kwamba ukuta ulianza kusikika. Mzee alipiga wimbo wa zamani, polepole, akiondoka kwenye mvumo na kuurudia kama mtu anayetoka nyumbani kwenda kisimani na kurudi.

Saa tatu kasorobo stima ilipotea.

Nilikuwa nimejiandaa kwa jenereta yangu ya petroli ya kilowati mbili na nusu, nikaiwasha nje, nikarudi mbio. Mvumo ulirudi, lakini haukuwa ule. Jenereta ndogo kama yangu inapaswa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe mizunguko 50 kwa sekunde, na ikiwa haina mzigo hukimbia zaidi, ikibebeshwa mzigo hulegea. Kwa hiyo mvumo ulikuwa juu kuliko mwanzo, kisha spika zilipoamka ukashuka, na kila mzee alipopiga kwa nguvu amplifaya ilivuta zaidi na mvumo ukayumba. Nilianza kuomba radhi kwa ishara. Mzee hakunitazama. Kidole chake kilikuwa kimeanza kuteleza kwenye uzi kikiifuata jenereta, juu na chini, kana kwamba imekaa mbele yake na kumjibu. Ndipo mtu wa chai, bila kujua, akawasha birika.

Jenereta iliguna, taa zikafifia, na mvumo ukazama. Mzee akazama nao. Alishuka taratibu kwa uzi ule mmoja, bila kuachana na jenereta hata kwa unywele, akakaa huko chini maji yalipokuwa yakichemka, na birika lilipojizima lenyewe na injini kupumua, akapanda nayo. Watu wazima niliowajua, wachuuzi wa Kibuye waliokuja kwa sababu yangu tu, walisimama.

Mwalimu wa Kwaya

Fundi, nakuheshimu, na umenifungia mitambo mara nyingi bila kosa, lakini siwezi kukuacha katika hili. Nimefundisha kwaya za shule kwa muda mrefu, na kazi ngumu kuliko zote ni kumfanya mtoto asikie kwamba amepungua sauti na arudi mahali pake. Mtoto huyo nitamwambia nini, ikiwa watu wazima wanalipa shilingi 300 kusikiliza mitambo iliyofungwa vibaya? Hofu yangu ni kwamba asiyeweza kupatanisha chombo chake atajificha nyuma ya neno "majaribio". Mvumo ni hitilafu, na wewe mwenyewe umeishi kwa kuitengeneza.

Fundi wa Kibuye

Mwalimu, shikamoo. Nakubali kwamba hatari unayoitaja ipo, na niliiona kwa mshiriki wa nne, ambaye sikumtaja kwa sababu hakuwa na la kusema na alilisema kwa sauti kubwa. Lakini mzee wa Seme hakuwa amejificha. Alikuwa akipatanisha uzi wake kila sekunde, na kitu chenyewe hakikutulia.

Halafu nikuulize kuhusu nyatiti, kinubi chetu cha Kiluo. Mpigaji hukaa kwenye kigoda chake cha chini, vidole viko kwenye nyuzi nane, lakini mguuni amefunga gara, yale makengele, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma tunayoiita oduong'o, ambayo anaigonga kwenye ubao wa chombo tangu mwanzo hadi mwisho. Nimewahi kufunga maikrofoni kwa wapiga nyatiti wengi. Fundi mgeni wa mjini akija, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta namna ya kuuzuia mgongano ule wa chuma na ubao usiingie kwenye maikrofoni, na mpigaji humwambia aurudishe, maana bila huo wimbo hausimami. Na nyuzi za siku hizi ni za nailoni, zile za kuvulia samaki, badala ya kano za ng'ombe. Wazee hawakuona haya kuchukua kitu kilicholetwa kwa kazi nyingine na kukipa sauti. Naona jenereta yangu iko katika safu hiyohiyo.

Msomaji wa Maseno

Naomba kuongeza jambo kwa sababu Mwalimu ameliita jambo hili la majaribio kana kwamba limetoka mbali. Mwaka 1944, jijini Cairo, kijana Mmisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodi kwa waya wa sumaku, akaenda kwenye sherehe ya zar ambako wanawake huimba ili kumponya mgonjwa, akarekodi sauti zao, kisha akazipitisha kwenye vyumba vyenye mwangwi hadi maneno yakayeyuka na kubaki mtetemo. Miaka minne ilipita kabla ya Mfaransa Pierre Schaeffer kufanya kazi ya namna hiyo Paris na kuipa jina. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba sanaa hii ni ya Ulaya na sisi tunaiga, namwomba ahesabu upya. Na kutoka hapa Kenya yupo Joseph Kamaru, anayejulikana kama KMRU, mjukuu wa yule Kamaru mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu. Kazi yake nyingi imejengwa juu ya sauti za mazingira alizozirekodi mwenyewe.

Binti Isukha

Nimesoma uzi huu wote na nina shukrani, lakini pia nina kidonda. Mimi ni mpiga isukuti kutoka Kakamega. Ngoma zetu ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma, na UNESCO iliiandika ngoma hii mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nilialikwa kwenye usiku wa aina hii katika mji mwingine. Kijana mwenye mashine ya mwangwi alichukua mapigo yangu na kuyarudia mara nyingi bila kuniuliza. Watu walishangilia, lakini mimi nilibaki peke yangu jukwaani. Isukuti ni mazungumzo. Ngoma ndogo husema, ya kati hujibu, kubwa huamua, na mchezaji akichoka sisi tunamwona na kumpunguzia. Mashine haikumwona mtu yeyote. Ilirudia nilichosema dakika moja iliyopita wakati mimi nilikuwa nimeshabadilisha mawazo.

Fundi, usiku wenu wa Nyalenda, je, kulikuwa na mtu aliyesikiliza, au kulikuwa na mashine tu?

Fundi wa Kibuye

Dada, swali lako limenifanya nifunge kibanda mapema nije kulijibu, kwa sababu nilikuwa nimeliacha nje jambo lililonigusa kuliko yote. Nililiacha kwa kuogopa kwamba nitalisimulia vibaya.

Baada ya stima kurudi, msichana wa mikisa alipiga peke yake. Hakuwa na ala. Alikuwa na mashine ya mwangwi, mikisa yangu, na maikrofoni mbili alizozikaribisha kwenye spika hadi ule mluzi tunaoukimbia sisi mafundi ukaanza, akaushika kwa vifundo vya mikisa na kuufanya uinuke na kuinama. Palikuwa na mzee wa makamo nyuma, amevaa koti, ambaye nadhani aliingia akitarajia ohangla. Kwa wasomaji wa mbali, katika ohangla na benga ya kwetu kuna pakruok: msikilizaji hutoa pesa, muziki unasimamishwa au kushushwa, naye husimama na kujisifu, kumsifu rafiki yake, shemeji yake, au kwao alikozaliwa, halafu muziki unaendelea. Wengine huona ni usumbufu. Sisi tunajua kwamba ndivyo mtu husema kuwa amefika na ameguswa.

Mzee huyo alisimama, akatembea hadi mbele katikati ya mluzi ule, akaweka noti ya mia mbili juu ya spika yangu na kuinua mkono. Kijana mmoja wa waandaaji alitaka kumrudisha. Nilifikiri usiku umeharibika. Msichana alimtazama mzee, akashusha mluzi ukawa kama pumzi, akampa maikrofoni mojawapo.

Mzee alimsifu mama yake. Alisema yeye ni mtoto wa mwanamke wa Asembo aliyeuza omena kwa kopo hadi wanawe sita wakasoma, na kwamba mwanamke huyo amelala sasa na hakuna anayemtaja. Basi. Maneno machache. Msichana alikuwa ameyapokea kwenye mashine ya mwangwi, na yalipoanza kurudi hakuyaacha yajizungushe yenyewe. Nilikuwa karibu naye, niliuona mkono wake. Kila neno "Asembo" liliporudi alimtazama mzee usoni kabla ya kuamua kama alipandishe au alishushe. Mzee alipoinamisha kichwa, alipunguza. Mzee alipoinua uso na kusema jina la mama yake kwa sauti, aliliongeza juu ya mengine, likarudi likiwa limejazana na mluzi hadi haikuwezekana kusema ni sauti ya mtu au ya spika. Aliendelea hivyo hadi jina likabaki irabu tu. Halafu akazima kila kitu, hata mvumo, na ndipo nilipogundua kwamba mvumo ulikuwepo muda wote.

Kwa hiyo, dada, alikuwepo mtu aliyesikiliza, mkono wake ukiwa kwenye mashine. Kijana aliyekuacha peke yako jukwaani alikuwa na mashine ileile, pengine ya bei kubwa zaidi, lakini hakukutazama. Naona tofauti yote iko hapo, na ningependa waandaaji wa usiku wa namna hii waisome habari yako kabla hawajakodisha chochote.

Binti Isukha

Nimekusoma mara mbili, Fundi. Ahsante. Mwambie msichana huyo kwamba wapo wapiga isukuti watatu Kakamega ambao wangependa kukutana naye kwanza mchana, bila mitambo.

Mkaazi wa Nakuru

Hapa Nakuru tuko wachache tunaotaka kuanzisha usiku kama huo. Tafadhali tusaidie na mambo ya kawaida: sauti iwe kubwa kiasi gani, majirani tuwafanyeje, na mitambo ya chini kabisa ni ipi?

Fundi wa Kibuye

Kaka, masikio kwanza. Kipimo kinachotumiwa sana na wanaolinda afya za wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila unapoongeza desibeli tatu, muda ulio salama unakatwa nusu. Ina maana kwamba kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwa kumbi za burudani unaotaka wastani usizidi desibeli 100, pamoja na mahali pa utulivu pa kupumzisha masikio. Wawekee watu viziba masikio mlangoni, vile vya povu. Pamba ya kawaida haizuii vya kutosha. Mluzi wa maikrofoni ni mkali kuliko ngoma, kwa hiyo asimame mtu mmoja kwenye mikisa ambaye kazi yake ni kushusha tu.

Kuhusu majirani, ziko kanuni za kitaifa za kelele za mwaka 2009, na kaunti ina vibali vyake, ombeni mapema. Zaidi ya hapo sisi tulimaliza saa nne usiku, tulielekeza spika ukutani badala ya mlangoni, na seremala alizunguka mwenyewe nyumba za jirani mchana akiwaalika. Watu saba walikuja kutoka nyumba hizo. Mitambo ni mikisa moja, spika mbili, kisahani cha saa ya kengele, na waya. Msiingie madeni.

Mwalimu wa Kwaya

Fundi, nimekaa na maneno yako siku mbili. Naomba kujua jambo moja la kiufundi. Birika lilipowashwa, mvumo ulishuka kiasi gani hasa?

Fundi wa Kibuye

Mwalimu, nilirudia kipimo hicho kibandani jana kwa mita yangu yenye uwezo wa kusoma mizunguko. Jenereta bila mzigo ilisoma 52. Nikiiwekea spika na birika pamoja ilisoma 46. Kwa hesabu ya kinanda ni zaidi kidogo ya toni moja nzima, yaani karibu umbali wa kutoka re hadi do.

Mwalimu wa Kwaya

Na mzee aliishika yote, bila kukatiza upinde?

Fundi wa Kibuye

Bila kukatiza. Na alishuka polepole kama injini ilivyoshuka.

Mwalimu wa Kwaya

Wanakwaya wangu wa sauti ya tatu hupotea kwa nusu toni wakiwa wamesimama mahali pamoja. Usiku unaofuata ni lini?

Fundi wa Kibuye

Ijumaa ya mwisho ya mwezi, mlango unafunguliwa saa kumi na moja jioni. Leta mkeka, Mwalimu, viti vya seremala vimeshanunuliwa. Mzee wa Seme ameniomba nije na jenereta hata kama stima itakuwepo.